Domodomo Nyumbani: Mmoja au Kundi, Lakini Si Wawili



Katika ukurasa huu wa Kiswahili na Sayansi tumezoea kuchukua jambo moja na kulieleza kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, ili wanafunzi wetu waone kwamba lugha hii haikomei kwenye ngeli za nomino na uhakiki wa riwaya. Safari hii tumechagua ufugaji wa samaki wa mapambo. Tangi la kioo lenye samaki si jambo geni tena hapa Kampala; utalikuta katika kumbi za hoteli, katika vyumba vya kungojea daktari, na hata katika sebule za watu wa kawaida. Hata hivyo, wengi wanaofuga huijua bei ya samaki kuliko tabia yake, na matokeo yake ni kwamba samaki hufa na mwenyewe asijue kilichomuua.

Samaki tutakayemzungumzia ni wa jamii ya domodomo. Ni samaki anayehitaji wenzake, na papo hapo ni samaki anayeweza kumtesa mwenzake mpaka afe. Je, afugwe peke yake, wafugwe wawili, au lifugwe kundi? Jibu letu kwa ufupi ni hili: mwenye nafasi kubwa afuge kundi la sita au zaidi, mwenye nafasi ndogo afuge mmoja, lakini wawili au watatu asithubutu. Sehemu zinazofuata zinaeleza sababu.

Domodomo ni samaki gani?

Jamii hii, ambayo wanasayansi huiita Mormyridae, haipatikani popote duniani isipokuwa katika mito na maziwa ya Afrika. Ina aina zaidi ya 200. Wavuvi wa upande wa Tanzania katika Ziwa Victoria humwita mmoja wao domodomo. Waganda humwita kasulu au kasulubana. Huyo ndiye Mormyrus kannume, samaki mwenye mdomo mrefu ulioinama, anayeweza kukaribia urefu wa mita moja, na ambaye wengi wetu tumemwona sokoni wala si ndani ya tangi. Jina lake la kisayansi lilitolewa mwaka 1775 katika kitabu cha Peter Forsskål, mtaalamu aliyekusanya viumbe huko Misri na Arabuni, akafariki Yemen kabla kazi yake haijachapishwa.

Kwamba samaki wetu alipewa jina kutokana na safari ya Misri si ajabu, kwani maji yanayotoka ziwani pale Jinja ndiyo yanayoishia Misri. Wamisri wa kale walimtukuza samaki wa jamii hii hata wakamfanyia sanamu za shaba. Mji wake Wagiriki waliuita Oxyrhynchus, yaani mwenye pua iliyochongoka. Katika majalala ya mji huo ndimo wataalamu Grenfell na Hunt walimochimbua, kuanzia mwaka 1896, maelfu ya vipande vya mafunjo vyenye maandishi ya Kigiriki, zikiwemo kazi za fasihi zilizodhaniwa kuwa zimepotea. Kwa hiyo jina la samaki huyu limeingia katika historia ya fasihi kabla halijaingia katika maduka ya samaki wa mapambo.

Anayefugwa majumbani kwa kawaida si kasulu bali ni ndugu yake mdogo, Gnathonemus petersii, wa mito ya Afrika Magharibi na ya Kati, kuanzia Niger hadi Kongo. Rangi yake ni nyeusi iliyochanganyika na kahawia, na karibu na mkia ana mistari miwili myeupe iliyokaa kama mabano. Katika tangi hufikia sentimita 20 hadi 25. Chini ya kinywa chake kuna kitu kirefu kama mkonga, na ndiyo sababu watu wa mataifa mengi humwita samaki mwenye pua ya tembo. Ziwa Victoria nalo lina ndugu yake wa karibu, Gnathonemus longibarbis, aliyepewa jina mwaka 1888.

Hapa walimu wa lugha tuna la kusema. Kile kinachoitwa pua si pua. Ni kidevu kilichorefuka. Pua za samaki huyu ni vitundu vidogo vilivyo mbele ya macho. Anayetafsiri jina la kigeni neno kwa neno na kusema pua ya tembo anahamisha kosa kutoka lugha moja hadi nyingine. Wavuvi waliosema domodomo walitazama samaki mwenyewe, wakaona domo, wakalitaja. Sisi tutatumia neno domodomo kwa jamii nzima, na mkonga kwa kile kidevu, kwa kuwa mkonga hueleza umbo na kazi bila kudai kwamba ni pua.

Umeme usioua

Ndani ya shina la mkia wa domodomo kuna kiungo kilichotokana na misuli, ambacho kazi yake ni kutoa mapigo ya umeme. Pigo moja la petersii halimalizi hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Akiwa ametulia hutoa mapigo machache kwa sekunde. Akichakura chakula hutoa makumi. Nguvu ya mapigo hayo ni ndogo sana, hata ukitia mkono ndani ya tangi hutahisi kitu. Tusimchanganye na kambare wa umeme, ambaye hupiga kwa nguvu ya kumtetemesha mtu.

Kwa muda mrefu wataalamu walijiuliza umeme dhaifu namna hii una faida gani ikiwa hauwezi kuua wala kufukuza adui. Mwaka 1951 Hans Lissmann wa Chuo Kikuu cha Cambridge alitangaza kwamba Gymnarchus niloticus, samaki wa Afrika aliye na undugu na domodomo, hutoa umeme mfululizo bila kukoma. Mwaka 1958, yeye na mwenzake Machin walionyesha kwamba samaki huyo hutumia umeme wake kutambua vitu vilivyomo majini. Mwaka 1998 Gerhard von der Emde na wenzake walionyesha kwamba petersii anaweza hata kukadiria umbali wa kitu gizani kwa njia hiyo hiyo.

Jinsi inavyofanya kazi ni hivi. Kila pigo hueneza umeme katika maji yanayomzunguka samaki. Mnyoo hupitisha umeme vizuri kuliko maji. Jiwe huupitisha vibaya. Basi kila kitu kilicho karibu huacha kama kivuli juu ya ngozi ya samaki, na ngozi hiyo ina vipokezi vingi vya kusoma vivuli hivyo. Vimejazana zaidi kwenye mkonga, na ndiyo maana utamwona domodomo akiupitisha juu ya mchanga huku na huku, kama mtu apapasaye ufunguo gizani. Anatazama kwa kidevu.

Kazi hii inahitaji ubongo mkubwa. Ubongo wa petersii ni takriban asilimia 3 ya uzito wa mwili wake. Mwaka 1996 mtafiti Göran Nilsson alikadiria kwamba ubongo huo hutumia karibu asilimia 60 ya oksijeni yote ya mwili. Ubongo wa binadamu hutumia takriban asilimia 20. Tafadhali ikumbuke tarakimu hiyo, kwa sababu tutairudia tutakapozungumzia umeme unaokatika nyumbani.

Mapigo kama mazungumzo

Mbali na vipokezi vya kusoma vivuli, domodomo ana vipokezi vya aina nyingine ambavyo kazi yake ni kusikia mapigo ya samaki wengine. Kila anapotoa pigo lake mwenyewe, ubongo wake huifunga njia ya vipokezi hivyo kwa nukta ndogo ya muda, ili asijisikie. Kwa hiyo anachokisikia kupitia njia hiyo ni sauti ya wenzake tu, kama tunaruhusiwa kuiita sauti.

Katika mapigo hayo kuna mambo mawili. La kwanza ni umbo la pigo lenyewe. Kila aina ya domodomo ina umbo lake, na katika baadhi ya aina dume na jike hutofautiana, hasa majira ya kuzaa. La pili ni mwendo, yaani muda unaopita kati ya pigo na pigo. Huo hubadilika kila wakati kulingana na hali ya samaki: amepumzika, anatafuta chakula, anatisha, au anaogopa. Mwanafunzi wa isimu anaweza kulilinganisha la kwanza na lafudhi, ambayo humtambulisha msemaji hata kabla hujaelewa asemalo, na la pili na usemi wenyewe. Hatudai kwamba samaki wana sarufi. Tunachosema ni kwamba pigo moja hubeba habari za nani na habari za nini kwa pamoja.

Kuna mambo mengine mawili ambayo mfugaji anapaswa kuyajua. Domodomo wawili wakikaribiana, mara nyingi mmoja hulijibu pigo la mwenzake baada ya muda mfupi usiobadilika sana, kama sehemu 20 za elfu za sekunde. Wataalamu huuita mwitikio huu mwangwi. Vilevile, samaki aliyeshindwa au aliyetishwa huweza kuacha kabisa kutoa mapigo kwa muda. Hunyamaza ili asijulikane alipo.

Faida ya kuwa wengi

Kwamba samaki hawa hunufaika kwa kuwa pamoja si jambo la kubahatisha. Mwaka 2005 Matthew Arnegard na Bruce Carlson walichapisha uchunguzi wao wa Ziwa Malawi kuhusu Mormyrops anguilloides, domodomo mkubwa anayekula samaki wengine. Waliona kwamba huwinda usiku kwa vikundi vidogo, na kwamba samaki wa kikundi kimoja huendelea kuwa pamoja huku wakipashana mapigo.

Aidha, mwaka 2024 Federico Pedraja na Nathaniel Sawtell wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, walieleza katika jarida la Nature kwamba petersii anaweza kutumia mapigo ya jirani yake kuona. Yaani mwenzake akitoa pigo, yeye husoma kivuli kinachotokana na pigo hilo kama vile ni lake mwenyewe. Kwa njia hiyo umbali anaoweza kuhisi vitu unaweza kuongezeka hadi mara tatu. Tufikirie watu kadhaa wanaotembea usiku, kila mmoja na tochi yake: mwanga wa mmoja humulikia wote. Samaki aliye peke yake ana tochi moja tu.

Ikiwa hivyo ndivyo, mtu anaweza kudhani kwamba wawili ni bora kuliko mmoja. Hapo ndipo wafugaji wengi wanapokosea.

Fahali wawili

Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Domodomo wakiwekwa pamoja hupimana nguvu mpaka ijulikane nani mkubwa. Mkubwa huchagua pango lake, hula kwanza, na humfukuza mdogo kwa kumgonga na kumng'ata mapezi. Mtoni jambo hili haliishii katika kifo, kwa kuwa aliyeshindwa huondoka. Ishara za umeme za domodomo hufika umbali wa takriban mita moja hivi. Akiogelea mita chache tu, ameshatoka katika himaya ya mbabe wake.

Sasa tutazame tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 90. Hakuna kona ambayo aliyeshindwa anaweza kwenda asisikike. Hata akijificha nyuma ya jiwe, kila pigo lake hutangaza alipo. Njia pekee iliyobaki ni kunyamaza. Lakini kama tulivyoona, mapigo hayo hayo ndiyo macho yake ya gizani. Kila anaponyamaza kwa hofu, anapoteza pia njia yake kuu ya kutafuta chakula. Mwenye tangi huona samaki mmoja mnene anayeogelea kwa furaha na mwingine aliyejibanza, anayezidi kukonda nyuma ya kichwa, na baada ya wiki chache amekufa. Watu husema aliugua. Kwa kweli alikufa kwa njaa na hofu, naye alikuwa na chakula mbele yake.

Watatu si afadhali. Mara nyingi mkubwa humshughulikia mmoja, na akishakufa huyo humgeukia wa pili. Lakini wakiwa sita au zaidi, hali hubadilika. Mkubwa hawezi kumfuata samaki mmoja siku nzima, kwani wengine wanapita mbele yake. Ugomvi hugawanyika, na hakuna mmoja anayebeba mzigo wote. Daraja za ukubwa zinabaki, ila haziui. Hii haina maana kwamba kundi halina migongano. Maana yake ni kwamba migongano inapata pa kusambaa, mradi nafasi ipo.

Kupanga tangi la kundi

Nafasi ndiyo sharti la kwanza. Kwa domodomo mmoja tunashauri tangi la lita 200 hivi, lenye urefu usiopungua sentimita 120. Kwa kundi la sita tunashauri lita 500 kwenda juu. Tangi lenye urefu wa sentimita 200, upana wa sentimita 60 na kimo cha maji cha sentimita 50 huchukua lita 600. Maji hayo peke yake yana uzito wa kilo 600, mbali na kioo, mchanga na meza yake. Anayekaa ghorofani amwulize fundi wa nyumba kabla hajamwuliza muuzaji wa samaki. Upana una faida kuliko kimo, kwa sababu domodomo hukaa chini.

Mchanga uwe laini. Kokoto zenye makali huukwaruza mkonga, na mkonga ukiumia samaki ameumia jicho. Kila samaki awe na pango lake, na yazidi mapango mawili au matatu kuliko idadi ya samaki. Vipande vya bomba la plastiki la maji vinafaa sana na ni rahisi kupatikana. Chagua vyenye upana wa kumtosha samaki kugeuka, vilaze mbalimbali, na milango isitazamane. Weka pia mawe laini na mizizi ya miti iliyokwisha kulowekwa, ili pasiwe na uwanda mmoja ambao samaki mmoja anaweza kuumiliki wote. Taa iwe hafifu, na tangi liwe na mfuniko, kwa kuwa samaki hawa huruka.

Jambo muhimu zaidi ni namna ya kuwaingiza. Nunua samaki wote kwa pamoja, wakiwa wadogo na wa kimo kimoja, na uwaingize siku moja. Ukianza na wawili kwa nia ya kuongeza baadaye, utakuwa umempa mmoja wao muda wa kulifanya tangi lote kuwa lake, na kila mgeni atapokelewa kwa meno. Usiwachanganye na samaki wengine wanaotoa umeme, wala na samaki wagomvi wa ziwa letu.

Maji, hewa na giza la mji

Maji ya bomba ya Kampala hutoka Ziwa Victoria na hutiwa klorini. Klorini ni sumu kwa samaki, kwa hiyo maji yatumiwe baada ya kutiwa dawa ya kuiondoa, au baada ya kukaa siku nzima katika chombo kilicho wazi huku yakitiwa hewa. Kwa bahati nzuri maji ya ziwa letu hayana chumvi nyingi, na domodomo hupenda maji kama hayo. Wapo wafugaji wenye desturi ya kutia chumvi ndani ya tangi kama kinga ya maradhi. Kwa domodomo desturi hiyo haifai, kwa kuwa chumvi hubadilisha namna maji yanavyopitisha umeme na hivyo huvuruga kuona na kusikia kwake. Dawa zenye madini ya shaba pia ziepukwe. Samaki huyu huathirika haraka na uchafu wa maji, hata mwaka 1984 ulichapishwa uchunguzi kuhusu kutumia mapigo yake kama kengele ya kutambua sumu majini.

Joto linalofaa ni nyuzi 24 hadi 28 za Selsiasi. Usiku wa Kampala hushuka chini ya hapo, kwa hiyo kifaa kidogo cha kupasha maji kinahitajika.

Ama kuhusu hewa, tukumbuke ile asilimia 60. Zaidi ya hayo, Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji ya huku hushika oksijeni pungufu kwa karibu moja ya nane kuliko maji ya joto hilo hilo huko Mombasa au Dar es Salaam. Hivyo ushauri ulioandikwa kwa wafugaji wa pwani au wa Ulaya haututoshi. Umeme wa nyumba ukikatika, pampu ya hewa husimama, na kundi la samaki wenye ubongo mkubwa hubaki kugawana hewa iliyomo. Inasikitisha kwamba samaki mwenye umeme wake mwenyewe auawe na ukosefu wa umeme wa mwenye nyumba. Mwenye kundi awe na pampu ya betri, na kama hana, achote maji kwa kikombe na kuyamwaga tena ndani ya tangi kutoka juu, mara kwa mara, mpaka umeme urudi.

Huenda msomaji akasema kwamba domodomo wa vinamasini huishi penye hewa haba. Ni kweli. Mwaka 1998 Lauren Chapman na Colin Chapman walieleza habari za domodomo wadogo wa jamii ya Petrocephalus katika kinamasi cha Lwamunda, kando ya Ziwa Nabugabo karibu na Masaka, ambao huvumilia maji yenye oksijeni kidogo mno. Lakini miili ya hao imezoea hali hiyo. Aliyeletwa kwa mfuko wa plastiki kutoka mto wa mbali hawezi kufundishwa kuvumilia kwa usiku mmoja.

Chakula na uangalizi

Domodomo hula vijidudu vya matopeni. Wale wadudu wadogo wanaopaa kama moshi juu ya Ziwa Victoria huanza maisha yao wakiwa funza chini ya maji, na funza kama hao ndio chakula cha kasulu. Nyumbani mpe funza wekundu waliogandishwa, au minyoo ya ardhini iliyooshwa na kukatwakatwa. Chakula cha unga au cha vidonge mara nyingi hukikataa. Lisha baada ya kuzima taa, na utie chakula mahali pasipopungua patatu, mbalimbali, ili mkubwa asikalie sahani moja na kuwanyima wengine.

Kila jioni wahesabu. Tazama nani hana pango, nani ana mapezi yaliyochanika, nani anakonda nyuma ya kichwa. Ukiona dalili hizo, badilisha mpangilio wa mawe na mabomba, ili mipaka ya zamani ivunjike na wote waanze upya. Isiposaidia, mwondoe anayeteswa umweke tangi jingine. Usingoje uone kama watapatana, kwani aliyekwisha shindwa hana pa kukimbilia.

Kwa anayependa kuwasikia, ipo njia rahisi. Nyaya mbili zikitumbukizwa majini, zikaunganishwa na kipaza sauti kidogo cha betri, kila pigo husikika kama mlio mkavu: tak, tak, tak. Kundi linapoamka jioni milio hiyo huwa mingi kama mvua inayoanza juu ya bati. Tahadhari: kifaa hicho kiwe cha betri tu, kisiunganishwe kamwe na umeme wa ukutani.

Wajibu wetu kwa ziwa

Karibu domodomo wote wanaouzwa hukamatwa mitoni. Hawazalishwi kwa wingi kama samaki wengine wa mapambo. Kila anayekufa katika tangi ameondolewa mtoni bure. Kwa hiyo swali la mmoja au kundi si la pambo tu. Vilevile, tusione kwamba kwa kuwa kasulu yuko karibu, basi tuchote watoto wake ziwani. Uvuvi una sheria na leseni zake, na kasulu mkubwa hatoshei katika sebule yoyote.

Na aliyechoka na samaki wake asimwachie ziwani. Sangara alitiwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950, na ongezeko lake lilikuja kuangamiza aina nyingi za samaki wadogo ambao Waganda huwaita nkejje. Gugumaji, mmea uliosambazwa duniani kwa sababu ya uzuri wa maua yake, lilifika ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na madhara yake tumeyaona. Kiumbe kigeni hakitolewi tena kikishaingia. Mpe mfugaji mwingine au mrudishie muuzaji.

Hitimisho

Tumeona kwamba domodomo huona, huzungumza na hutambuana kwa njia moja, yaani umeme wake. Kwa sababu hiyo nafasi ya tangi kwake haipimwi kwa kuogelea tu, bali pia kwa umbali anaohitaji ili asisikike anapotaka kukaa kimya. Mwenye uwezo wa kuwapa sita nafasi hiyo atapata kundi litakaloishi naye miaka mingi. Asiye na uwezo huo amtunze mmoja vizuri, au afuge samaki wengine, nao wapo wengi. Wawili ndani ya tangi dogo si urafiki, ni kifungo cha mmoja mikononi mwa mwenzake.

Msamiati

Domodomo: samaki wa jamii ya Mormyridae, Waganda humwita mmojawapo kasulu.
Gugumaji: mmea wa maua unaoelea na kufunika maziwa.
Kinamasi: mahali penye maji yaliyotuama na majani mengi.
Mkonga: hapa, kidevu kirefu cha domodomo chenye vipokezi vya umeme.
Pigo: mtoko mmoja wa umeme wa samaki.
Sangara: samaki mkubwa ambaye Waganda humwita mputa.

Maswali ya majadiliano darasani

1. Jina domodomo limeundwa kwa njia gani? Taja majina mengine matatu ya viumbe yaliyoundwa kwa kurudufu neno.
2. Je, inafaa kuyaita mapigo ya samaki lugha? Toa hoja za pande zote mbili.
3. Andika maelezo ya aya tatu, kwa Kiswahili, juu ya samaki anayejulikana nyumbani kwenu, ukitumia jina la lugha yako ya kwanza na kulieleza.